Neno la Baba Nungunungu

Mliniomba nikiondoka niwaachie maelezo ya kazi. Niliwaachia faili lenye majedwali, mkalisoma, kisha mkaniandikia kwamba halina maelezo yoyote. Mko sahihi. Majedwali yanaonyesha kazi ilivyokwisha, hayaonyeshi ilivyofanyika. Basi maelezo yenyewe ni haya.

Nastaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Neno hilo mlilitumia kwa dhihaka siku ya keki ya kuniaga, nami nimelichukua kwa sababu sioni kosa lake. Mtu akiifanya kazi mpaka akaishiwa na maswali ya kuiuliza, amestaafu, hata kama magoti yake bado mazima. Kwa miaka sita nimepachika Kiswahili kwenye midomo ya wanyama waliochorwa. Juzi, wiki ya pili tangu nitoke, nilimtazama msomaji wa habari kwenye televisheni dakika nzima bila kuhesabu midomo yake imefunga mara ngapi. Nilishusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi.

Nilifika Dubai mwanzoni mwa miaka ya 2010 na shahada ya isimu kutoka Nairobi. Nyumbani kwetu Nakuru shahada hiyo ilimfanya kila mgeni aulize, "Ndiyo nini hiyo?" Nililala mtaa wa International City, chumba kimoja watu watano, na asubuhi nilipanda basi hadi kituo cha metro. Studio ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo lililofanana na ghala. Siku ya kwanza nilivaa shati jipya lililopigwa pasi likasimama. Madam Nadia, Msiria aliyekuwa mkuu wetu, alinisimamisha mlangoni akaniambia niinue mkono. Nikauinua. "Unasikia?" akauliza kwa Kiingereza. Sikusikia kitu. "Shati lako linaongea. Kesho vaa la zamani."

Hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka naondoka nilikuwa nikiona wageni wakija na bangili. Vaeni pamba iliyochakaa. Bebeni tofaa la kijani, kwa sababu mdomo mkavu unabofya na kipaza sauti kinasikia kila kitu, na tofaa la kijani linaondoa ule mbofyo kuliko maji. Penseli, si kalamu. Kioo kidogo cha mkononi, kile cha kujipakia wanja, ili uone mdomo wako unaposema mstari. Nilimuuliza Madam Nadia kwa nini kioo na tayari tuna skrini. Akasema skrini inaonyesha mdomo wa mnyama, na kuhusu wangu mimi najidanganya. Nilimbishia wiki mbili, kisha nikanunua kioo.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Mhusika anafungua mdomo, wewe unaweka neno litakaloingia humo. Herufi za kuangalia ni tatu, m, b na p, maana hizo haziwezekani bila midomo kufunga. Mchoro ukifunga mdomo na mwigizaji wako yuko kwenye "haraka", hata mtoto wa miaka minne anahisi kuna uongo, japo hawezi kukwambia uongo uko wapi. Mdomo kwanza, maana baadaye, ndivyo alivyosema Madam Nadia. Sikuukubali msemo huo siku ya kwanza, na siukubali leo. Lakini nimeufuata.

Chuoni sikufundishwa kwamba Kiswahili kinauliza maswali ambayo Kiingereza hakiyaulizi. Filamu yetu kubwa ya kwanza ilikuwa ya nungunungu: baba, binti yake mkubwa, mdogo wa kiume, na jamaa mmoja wa kike ambaye Kiingereza kilimwita kwa neno moja tu. Kisima chao kimekauka, wanavuka mlima kutafuta maji. Sasa huyu jamaa, watoto wamwiteje? Akiwa dada wa baba ni shangazi. Akiwa mdogo wa mama ni mama mdogo. Mama mwenyewe hayumo kwenye filamu, amekwisha kufa kabla ya picha ya kwanza. Tuliwaandikia waliotengeneza filamu tukauliza jamaa huyu wa kike ni dada wa nani. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: hawakuwahi kulifikiria, tuamue wenyewe.

Aliyeamua ni Mzee Suleiman, sauti yetu ya baba. Alikuwa Mzanzibari aliyekaa Dubai tangu barabara nyingi hazijatiwa lami, akafanya ukarani bandarini mpaka akastaafu. Sauti yake ilikuwa nzito na haikuwa na haraka. Alivaa kofia aliyoivua kabla ya kuvaa visikilizio vya kichwani, akaiweka juu ya goti, na ikikaa pale tulijua kazi imeanza.

"Huyu mwanamke anamkemea baba mtu mbele ya wanawe," alisema. "Shemeji gani atathubutu? Huyo dada yake. Shangazi huyo. Haya, endelea."

Binti alikuwa Rehema kutoka Malindi, mfanyakazi wa ndani mtaa wa Al Warqa. Siku hizi mnapokea waigizaji waliosomea. Sisi tuliokota sauti tulikozisikia. Rehema nilimsikia kwenye basi akimgombeza mtu kwenye simu, nikamfuata mpaka kituo chake kumweleza habari za studio, naye karibu aite polisi. Madam wake wa Al Warqa alikubali kwa barua, na kwa sharti kwamba Mzee Suleiman ndiye atakayemleta na kumrudisha, kwa kuwa mzee aliishi mitaa miwili kutoka hapo na mume wa madam alimjua msikitini. Ijumaa baada ya swala, ndiyo siku yake ya mapumziko, walikuwa wakifika pamoja kwenye gari ya mzee, Rehema akimwita babu, mzee akimwita mwanangu, wakibishana kama chapati inapikwa kwa samli au mafuta.

Mimi waliniita Bwana Kwanini.

"Bwana Kwanini, hapa umeandika 'nipo hapa'," Rehema aliwahi kuniambia. "Kuna mtu yupo kule akasema yupo hapa?"

"Mdomo wake bado unafunguka mara mbili baada ya 'nipo'."

"Basi sema 'nipo, babaa'. Mwanamke hanyimwi kuvuta sauti."

Akavuta, na ikaingia. Niliandika hilo kwenye daftari na nimelitumia filamu kumi.

Nimeeleza yote hayo ili mjue ni kina nani waliokuwa chumbani siku ya lile neno.

Katikati ya filamu baba nungunungu anashikilia njia moja, ile aliyoonyeshwa na baba yake. Binti anamwambia mto umehama na daraja limeoza. Baba anasema yeye ndiye baba. Wanapita. Daraja linakatika, mdogo anatumbukia, na wanampata chini juu ya mwamba, mguu umevunjika. Ndipo baba anamgeukia binti yake. Picha inaukaribia uso wa baba mpaka skrini nzima ni mdomo na pua, na anaomba sori kwa Kiingereza, maneno mawili mafupi. Sekunde moja na robo. Mdomo unafunguka, unafunga, unafunguka, unafunguka. Baada ya hapo filamu yote inabadilika. Baba anaanza kuuliza njia.

Nilikuwa nimeandika "Aa, pole", nikavuta ile "le" mwishoni, na ilikaa kwenye mdomo kama kifuniko kwenye sufuria yake. Niliringa nayo wiki nzima.

Madam Nadia alikuwa ametuambia mapema. Jumapili, ambayo Dubai ni siku ya kazi, saa nne asubuhi mteja atakaa ofisini kwake Dubai Marina aangalie onyesho hilo moja katika lugha zote. Lugha ambayo baba yake hajakamilika itaondolewa. Kiswahili kikiondolewa, meza ya Kiswahili inafungwa, na viza yangu ilikuwa imeandikwa kwa meza hiyo. "Halafu khalas," alisema, akageuza kiganja. Ningerudi Nakuru na shahada yangu isiyojulikana ni nini.

Ijumaa iliyotangulia Mzee Suleiman aliliangalia onyesho mara moja, akaisoma karatasi.

"Hii pole anampa nani?"

"Binti yake."

"Kafiwa?"

"Hapana, mzee. Anaomba msamaha. Amekosea njia."

"Pole hupewa mtu aliyepatwa na jambo. Huyu ndiye kaleta jambo. Mtu akupige teke akwambie pole? Huko kwenu bara mnafanya hivyo?"

Rehema akacheka. "Wanafanya, babu. Wakikukanyaga wanakwambia pole, mguu wenyewe bado uko juu ya wako."

Alisema kweli. Kwetu Nakuru "pole" ndiyo sori ya kila kitu. Nikajaribu "samahani". Midomo iliingia bila tatizo, lakini mzee akasema hiyo ni ya kumpita mtu kwenye lifti. Nikajaribu "nisamehe". Mdomo ulifunga umechelewa, na zaidi ya hapo mzee akaiweka karatasi chini.

"Hilo silisemi. Mzazi hamwombi mtoto radhi. Radhi ziko kwa mzazi, mtoto ndo huja kuziomba. Ukizigeuza, umegeuza dunia."

Hapa nikafanya nililozoea kufanya chuoni. Niliuliza. "Nani alisema hivyo, mzee? Imeandikwa wapi? Kama mzazi ndiye aliyekosa, radhi zinafanya kazi gani?" Yote hayo yangeweza kuvumilika. Kisha nikaongeza, na kitufe cha kuzungumzia kilikuwa kimebonyezwa, sauti yangu ikatoka kwenye spika za studio nzima: "Au wewe hujawahi kumkosea mwanao hata siku moja?"

Fundi wa sauti, ambaye hajui Kiswahili, alitazama chini kana kwamba ameelewa.

Mzee Suleiman hakupaza sauti. Alivua visikilizio, akavitundika mahali pake, akavaa kofia yake. "Nshamaliza mimi. Rehema, twende."

Rehema alikuwa amebakiza onyesho moja, lakini gari ni ya mzee. Aliponipita mlangoni alisema kwa sauti ya chini, "Wewe nawe. Maswali mengine mtu huyameza." Madam Nadia alikuja akatazama kiti kitupu, akaniuliza kuna nini. Nilimwambia mwigizaji hakubaliani na neno. Akasema kwenye Kiarabu walimkohoza baba tu badala ya neno, wakasonga mbele, na kwamba mimi nina muda mpaka kesho jioni.

Usiku wangu nisiwaelezee. Jumamosi asubuhi nilikwenda Al Warqa. Kutoka International City ukitazama kwenye ramani ni pua na mdomo, na kwa kuwa nilikuwa na hotuba ya kupanga niliamua kutembea. Ulikuwa mwezi wa Mei. Msifanye hivyo. Nilipofika hotuba ilikuwa na hoja tatu, na mgongo wa shati langu ulikuwa umeloa kabisa.

Mzee Suleiman alikuwa uani kwake, akimwagilia mndimu kwa bomba la mpira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetembea?"

"Nimetembea."

"Mungu akusamehe. Kunywa maji." Akaniletea bilauri kutoka ndani, akanitazama nikimaliza, akarudi kwenye mndimu wake. Hakuuliza nimefuata nini.

Nikavuta pumzi nianze hoja ya kwanza, na kilichotoka kilikuwa: "Mzee, pole kwa jana."

Aligeuka. "Pole ya nini? Nimefiwa?"

"Namaanisha..."

"Nimeanguka? Nimeibiwa? Pole ni mzigo wangu mimi, wewe unausikitikia. Mzigo wa jana ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Haya. Usinitwike."

Hoja zote tatu zilikuwa bado kichwani, zimepangwa vizuri, na zote zilianza kwa kueleza kwa nini nilikuwa na haki ya kuuliza. Ninaamini bado nilikuwa na haki ya kuuliza. Lakini sikuwa na haki ya kumuuliza mtu mzima habari za nyumba yake kupitia spika, mbele ya msichana anayemwita babu.

"Nimekosa, mzee," nikasema.

Nilingoja nisikie mwenyewe nitaongeza nini. Sikuongeza kitu. Neno lile halikutaka mkia.

Mzee Suleiman alifunga bomba. Nilidhani atanijibu "yameisha", au atanifukuza. Badala yake akanisogelea.

"Sema tena."

"Nimekosa."

"Polepole."

"Ni. Me. Ko. Sa."

Hakuwa akinitazama macho. Alikuwa akinitazama mdomo. Akainua mkono uliolowa, akafungua vidole, akavifumba, akavifungua, akavifungua tena.

"Limeingia," akasema.

Nami, kwa kuwa maumbile hayabadiliki kwa asubuhi moja, nikauliza: "Lakini jana ulisema mzazi hamwombi mtoto."

"Na hapo kaomba nini? Hakuomba kitu. Kasema alichokifanya, basi. Kusamehe kuna mwenyewe, aliyekosewa." Akakunja bomba lake. "Hilo baba anaweza kulisema. Akilisema na akasimama hapo hapo asikimbie, ndo baba huyo. Na wewe yameisha. Ngoja nimpigie madam wa Rehema."

Sikujua kama kwa maneno hayo alinijibu swali langu la spika. Sikuuliza. Wenzangu, hilo liandikeni pia kwenye maelezo ya kazi.

Madam wa Rehema alitoa ruhusa ya muda wa saa mbili. Saa kumi alasiri wote walikuwa studio, na kofia ilikuwa juu ya goti. Fundi akarusha picha, mdomo ule mkubwa ukafunguka, ukafunga, na Mzee Suleiman akasema "nimekosa" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, bila mapambo, kama mtu anayetaja jina lake akiulizwa kizuizini. Upande wa pili wa kioo cha chumba cha kurekodia Rehema aliacha kutafuna tofaa. Madam Nadia aliniuliza kwenye simu ya ndani, "Amesema nini?" Nikamwambia amekubali kosa. Akasema turekodi mara nyingine kwa akiba. Mzee akakataa ya akiba. Alisema neno hilo halisemwi mara mbili kwa siku.

Jumapili tulipanda kwenye jengo la mteja Dubai Marina. Waliokuwa mezani walikuwa watatu na hakuna aliyejua hata "jambo". Waliangalia Kituruki, wakaangalia Kiurdu, wakafika kwetu. Mmoja akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Akaomba tena, akizima sauti, akiwasha. Nilikuwa nimeshika kile kioo mfukoni mpaka kikaniachia alama kiganjani.

"Neno hilo," akasema, "lina maana gani hasa?"

Madam Nadia alinitazama. Nilikuwa na aya mbili za jibu, na radhi na samahani na Zanzibar na Nakuru zote zikiwa humo.

"Lina maana kwamba ni yeye aliyekosa," nikasema.

"Sawa. Endeleeni na filamu nzima."

Kwenye lifti Madam Nadia aliegemea ukuta akacheka peke yake mpaka ghorofa ya chini, mkono kifuani. Nje, upepo wa moto ulinipiga usoni na sikuuchukia. Nilikaa kwenye ngazi za jengo, mlinzi akanitazama akaniacha, nikampigia Mzee Suleiman.

"Wamepitisha?"

"Wamepitisha, mzee. Filamu nzima."

"Alhamdulillahi." Nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe. "Na yule binti? Alimjibu nini babaake?"

"Si uliona, mzee?"

"Nimeona wapi? Mimi mlinionyesha mdomo wangu tu."

Ilikuwa kweli. Tulimkatia kipande cha baba peke yake, na karatasi yake ilikuwa na mistari ya baba tu.

"Hamjibu," nikamwambia. "Anamsogelea, anamtoa tope mgongoni. Halafu wanaendelea na safari."

"Mgongoni? Kwenye miiba?"

"Kwenye miiba, mzee."

Kijiko kikasimama.

"Keshamsamehe," akasema. "Haya, wacha ninywe chai yangu."